Furushi Lisilo na Pua

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na nini?"

"Palikuwa na furushi!"

"Nani kalifungua?"

"Si mimi!"

"Jirani yako?"

"Wala yeye!"

"Basi limefunguka lenyewe. Kaeni vizuri mnisikilize. Na wewe unayetafuna hindi, hamia shavu la upande wa pili."

Palikuwa na mto ukiitwa Kigugumizi. Maji yake yalipita kwenye mawe yakikwama, yakirudi, yakianza upya, kama mtu anayetaka kuomba radhi na moyoni hataki. Juu ya mto huo liliangukia gogo, likawa daraja. Wanyama wakubwa hawakulihitaji, waliogelea. Wadogo walilihitaji, na hawakuthubutu kulikanyaga, kwa sababu ya aliyekaa juu yake. Huyo tutamfikia.

Basi wadogo walituma mafurushi. Ukitaka kumpelekea ndugu yako wa ng'ambo salamu, au dawa, au habari ya msiba, unafunga furushi la majani, unaliweka njiani, na sisimizi wanalibeba. Tiki-tiki-tiki, wanapanda gogo. Tiki-tiki-tiki, wako ng'ambo. Sisimizi haulizi ndani mna nini. Kwa heshima hiyo ilikatazwa kumla sisimizi mwenye mzigo. Asiye na mzigo, hilo lilikuwa kati yake na Mola wake.

Na kila kabila la wanyama lilikuwa na ufungaji wake. Kanga walifunga kwa manyoya. Nungunungu walifunga kwa miiba. Popo walifunga juu chini. Na masange je? Ngojeni, maana naona wengine mnanitazama tu: hamumjui sange. Sange ni kama panya aliyeazima pua ya tembo akasahau kuirudisha. Kimwili kidogo, miguu ya nyuma mirefu, na hiyo pua hutikisika hata mwenyewe akilala. Akishtuka, mguu wake wa nyuma hupiga chini wenyewe, tu-tu-tu-tu, atake asitake.

Masange walifunga vifuko vidogo vya majani wakavitunga kwenye uzi mmoja wa ukindu. Juu ya kila kifuko waliparura alama, na ndani yake wakaparura alama ya kifuko kinachofuata. Umefungua kifuko cha kucha, ndani umekuta mchoro wa mkia? Nenda kwenye mkia. Ndani ya mkia umekuta jicho? Nenda kwenye jicho. Unakwenda hivyo hivyo mpaka ukute, ndani ya kifuko, mchoro wa pua. Pua ndiyo mwisho wa maneno. Hakuna sange aliyewahi kusahau kuweka pua, kama usivyoweza wewe kusahau nguo ukaenda sokoni.

Sasa, juu ya gogo. Juu ya gogo alikaa Nyani. Mabega kama milango, meno kama mapanga, na tumbo ambalo halikuwahi kusema basi. Hakuna aliyemteua. Alikaa tu siku moja, kesho yake akakaa tena, na unajua watu wakizoea kukuona umekaa mahali huanza kukuita mheshimiwa. Akajiita Mkaguzi wa Njia.

"Mimi sifungui," alisema kila asubuhi, mkono kifuani. "Nifungue nitafute nini? Natazama jani la juu tu. Nalitazama, nalinyanyua, napima uzito, napitisha. Yote kwa usalama wenu."

"Asante, mheshimiwa," walijibu wanyama wadogo, na kila mmoja akashukuru usalama wake.

Miongoni mwao alikuwa Bi Sange, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Mwanasange, aliyeolewa ng'ambo. Mwanasange alikuwa mjamzito, tumbo limekwisha kushuka. Na mila ya masange ni kwamba shimo la kuzalia huchaguliwa na mama wa mwenye mimba. Si mume, si wakwe. Mama. Bi Sange alizaliwa ng'ambo na aliyajua mashimo ya huko kama ajuavyo vidole vyake. Akafunga furushi: jani la mkwaju, kipande cha mkaa, udongo kidogo mkavu. Maana yake, mwanangu, uchungu ukianza nenda chini ya ule mkwaju uliopigwa radi. Akaweka na pua. Sisimizi wakabeba.

Asubuhi iliyofuata alishuka mtoni kunywa maji, akasimama mbali na gogo kama ilivyo adabu, na busara pia. Nyani akamwona.

"Mama Mwanasange!"

"Abee, mheshimiwa. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na shughuli ya binti."

"Shughuli gani, mheshimiwa?"

"Si ya uzazi!" Nyani akacheka, tumbo likacheka naye. "Na umechagua vizuri, nakupongeza. Lile shimo la chini ya mkwaju halipati maji hata kidogo. Wajukuu watatoka wakavu, wanono." Akalamba mdomo, polepole, kutoka upande huu mpaka upande ule.

Lo!

Bi Sange aliacha kunywa. Pua ilimsimama wima. Mguu ukaanza: tu-tu-tu-tu-tu. Hakumwambia mtu habari ya mkwaju. Hakumwambia hata jirani. Aliitia ndani ya furushi tu, na furushi lilifungwa. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Nyani alimwambia mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa. Lakini ndio ugonjwa wa wajuaji huo. Hawawezi kujua kitu wakanyamaza, hata kama kunyamaza ndiko kutakakowashibisha.

Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Bi Kobe, shoga yake.

"Shoga! Shoga, toa kichwa!"

Kichwa kikatoka. "Kuna nini, mbona unapiga ngoma kwangu na harusi hakuna?"

"Nyani anafungua mafurushi!"

Bi Kobe akamtazama. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwani ulikuwa hujui?"

Tu-tu-tu-tu! "Wewe ulijua?"

"Mimi nilituma uyoga kwa dada, ukafika umeumwa meno. Nikasema labda dada ana maneno. Kanga alituma habari ya mayai yake yalipo, habari ikafika, mayai yakaondoka. Kanga akasema labda alihesabu vibaya. Popo naye ana lake."

"Na hamkusema!"

"Tungemwambia nani? Mkaguzi?"

Bi Sange alikaa chini. Alipigwa na butwaa namna ambayo hata mguu ulisahau kupiga. Kumbe mto mzima unajua. Kumbe kila mmoja amelia kwake, mlango umefungwa, akidhani kaonewa peke yake, na asubuhi akaenda kusema asante mheshimiwa.

"Mwanangu anakwenda kuzaa chini ya mkwaju," akasema. "Nimempeleka mwenyewe."

"Tuma furushi jingine. Mbadilishie shimo."

"Atalisoma hilo pia."

"Basi nenda mwenyewe."

"Nipite wapi, shoga? Katikati ya meno yake?"

Bi Kobe akarudisha kichwa ndani. Ndivyo afanyavyo. Tusimlaumu, nyumba anayo mgongoni.

Bi Sange akarudi mtoni, safari hii kwa tumbo, kwa chini chini, mpaka kwenye kichaka cha matete kando ya gogo. Akatoa pua tu. Na aliyoyaona siku ile angeyasimulia mpaka uzee wake, na kila akiyasimulia pua ilimsimama.

Sisimizi walifika na furushi la Kanga. Nyani akatazama huku, akatazama huko. Kisha,

Kwaru! Akafungua.
Fu-fu-fu! Akanusa.
Nyamu! Akaonja.
Kwi! Akafunga.

Akafunga vizuri! Unyoya kwenye tundu lake, kifundo kwenye kovu lake, usingejua hata ungekuwa Kanga mwenyewe. Likaja la Nungunungu. Kwaru! Fu-fu-fu! Nyamu! Kwi! Likaja la Popo. Akalishika juu chini, kama wenyewe wanavyolishika, akalimaliza. Huyu hakuwa mwizi wa kubahatisha. Huyu alijifunza. Alijua fundo la kila kabila, na kila kabila lilidhani fundo lake ni siri ya ukoo.

Kisha likaja furushi la masange, la binamu yake fulani, na hapo Bi Sange akatoa jicho pamoja na pua.

Kwaru! Nyani akafungua kifuko cha kucha. "Mkia," akasoma. Kwi! Akakifunga cha kucha kabla hajagusa kingine. Kwaru! Akafungua cha mkia. "Jicho," akasoma. Kwi! Akakifunga cha mkia. Kwaru! Akafungua cha jicho. "Pua! Limekwisha!" Akapiga makofi, akawatupia sisimizi, akanyoosha mkono kuchukua jingine.

Mbona anakifunga kimoja kabla ya kufungua cha pili? Bi Sange akawaza. Akakumbuka. Zamani Kanga aliwahi kuona jani limechanika akapiga kelele mpaka mto ukasimama. Tangu siku ile Nyani alijiwekea kanuni: asikutwe kamwe na vifuko viwili wazi. Fungua kimoja, funga kimoja. Akija mtu ghafla, mkononi ana furushi zima, safi, na uso wa mlinzi.

Kwa hiyo kifuko alichokifungua akishakifunga, kinaonekanaje? Kinaonekana hakijafunguliwa.

Na Nyani anaachia furushi lini? Akikuta pua.

Na asipokuta pua?

Mguu ukapiga tu-tu-tu-tu, na Bi Sange akaukalia haraka. Wazo lenyewe lilimtisha. Furushi lisilo na pua! Katika masange wote, waliokufa na walio hai, hakuna aliyewahi kufunga kitu kama hicho. Ilikuwa aibu hata kulifikiria. Mama yake angemtenga. Lakini mama yake hakuwa na mjukuu chini ya mkwaju na Nyani anayejua njia.

Akaenda nyumbani akafunga vifuko vitatu. Ndani ya kucha akaparura mkia. Ndani ya mkia akaparura jicho. Ndani ya jicho, na hapa alifumba macho kwa aibu, akaparura kucha. Hakuweka jani, hakuweka mkaa, hakuweka neno. Alipaka tu mafuta ya kumbikumbi kwenye mishipa ya majani, ndani kabisa, mahali ambapo ulimi hauyamalizi.

"Ndani mna nini?" aliuliza Bi Kobe, aliyekuwa amekuja kuona.

"Hamna kitu."

"Unamtumia Nyani furushi tupu?"

"Simtumii Nyani. Namtumia mwanangu. Nyani akilifungua, kajitakia. Si anatazama jani la juu tu?"

Sisimizi wakabeba. Tiki-tiki-tiki. Bi Sange akakimbilia matetini.

Nyani akalichukua. Fu-fu-fu! Macho yakamtoka. Kumbikumbi!

Kwaru! Akafungua cha kucha. Akalamba. Utamu, lakini kidogo. "Mkia," akasoma. Aha, wenyewe wako kwenye mkia. Kwi! Akafunga.

Kwaru! Cha mkia. Akalamba. "Jicho." Aha, wenyewe wako kwenye jicho. Kwi!

Kwaru! Cha jicho. Akalamba. "Kucha." Akatazama. Kifuko cha kucha kilikuwa pale, kimefungwa, safi, hakijaguswa. Aha! Wenyewe wako kwenye kucha. Kwi!

Kwaru! "Mkia." Kwi!

Kwaru! "Jicho." Kwi!

Kwaru! "Kucha." Kwi!

"Mama huyu leo ana maneno!" Nyani akasema, jasho likimtoka kwa furaha. "Uzazi si mchezo. Anamweleza kila kitu!"

Sisimizi walifika na furushi la Kanga, wakasimama. Nyani hakunyoosha mkono. Sisimizi si watu wa kungoja. Wakapita pembeni ya paja lake, tiki-tiki-tiki, wakavuka. La Nungunungu likaja, likapita. La Popo likapita. Mafurushi yalipita pale mbele ya macho yake, mazima, yana kila kilichotiwa ndani, na Nyani hakuyaona. Kwaru. Mkia. Kwi. Kwaru. Jicho. Kwi.

Matetini Bi Sange alishika mdomo kwa miguu miwili. Alitegemea Nyani atakwama kidogo, aghadhibike, alitupe. Hakutegemea hili. Hili lilimwogopesha kuliko meno. Mwenye nguvu zote zile, anayejua mafundo ya kila kabila, na hakuna hata kitu kimoja kichwani kinachomwambia, bwana wewe, kifuko hiki si umetoka kukifungua sasa hivi? Alijua kusoma kila alama. Kujiuliza hakujua.

Basi ilibaki kazi yake. Kupita.

Akatoka matetini. Akapanda gogo. Mguu wa nyuma, ule wa ngoma, ulikuwa umeshaanza kujikunja ukitaka kupiga, na gogo ni kavu, likipigwa husikika mpaka mlimani. Bi Sange akauinua mguu ule, akauweka mdomoni, akauuma. Akatembea kwa mitatu. Chap. Chap. Chap.

Akapita vidole vya mguu wa kwanza wa Nyani, kila kimoja kikubwa kuliko kichwa chake. Chap. Akapita chini ya paja. Chap. Kule nyuma mkia wa Nyani ulikuwa umelala kukatiza gogo, mnene, wa joto, na hapakuwa na njia ila kuuparamia. Akaweka kucha moja. Mkia ukatikisika. Akaweka ya pili.

"Nani huyo?" Nyani akauliza.

Bi Sange akaganda juu ya mkia, mguu mdomoni.

Nyani akageuza kichwa. Akamwona. Alimwona kabisa, jicho kwa jicho, nyama laini, ya pale pale, haina hata mahali pa kukimbilia isipokuwa majini.

"Mama Mwanasange," akasema.

"Abee," akajibu Bi Sange, na abee ya mtu mwenye mguu mdomoni si abee ya kujivunia.

"Ngoja hapo hapo. Nikimaliza hili nitakushughulikia."

Akageuka. Kwaru! "Mkia." Kwi!

Jamani! Nasema alimwona! Bi Sange alibaki pale juu ya mkia, haamini masikio yake wala uhai wake. Kisha akautoa mguu mdomoni, kwa kuwa adabu ni adabu, akasema, "Nangoja, mheshimiwa. Usijiharakishe," akateremka upande wa pili, akatoka mbio ambazo hajawahi kuzikimbia tangu aolewe.

Chini ya mkwaju alimkuta Mwanasange anajinyonganyonga, uchungu umeshika.

"Mama? Umepitaje?"

"Kwa miguu. Inuka."

"Siwezi, mama, wanakuja!"

"Waambie wangoje. Hapa pamejulikana. Inuka nakwambia, utazaa mbele."

"Lakini ulisema mkwaju!"

"Nilisema mkwaju, na sasa nasema siyo mkwaju. Mimi ni mama yako, nina ruhusa ya kubadilisha." Akamsukuma kwa pua, akamvuta kwa meno, mpaka kwenye shimo moja nyuma ya kichuguu kilichokufa, ambalo yeye mwenyewe alizaliwa ndani yake, wala hakuwahi kulitia kwenye furushi lolote. Hapo wakazaliwa pacha. Na kwa masange mtoto hazaliwi kipofu, anazaliwa macho wazi, manyoya mwilini, na kabla hujamwita jina ameshakimbia. Pacha wale walitoka, wakamtazama bibi yao, wakashtuka, wakapiga miguu: tu-tu-tu-tu! Tu-tu-tu-tu!

Bi Sange akalia hapo. Alikuwa hajalia tangu asubuhi ile ya mtoni.

Na Nyani?

Nyani alikuwa kwenye jicho. Halafu kucha. Halafu mkia. Jua lilizama likamkuta kwenye kucha, likachomoza likamkuta kwenye kucha, na msiniulize ni kucha ya ngapi. Mafuta ya kumbikumbi yalikwisha akawa analamba jani. Jani likachakaa akawa analamba harufu. "Siri ndefu hivi," aliwaza, "si ya mtu mdogo. Hii ni siri ya nchi!" Tumbo lake, lile ambalo halikuwahi kusema basi, likasema basi. Hakulisikia. Akakonda. Mabega ya milango yakawa ya madirisha. Mwishowe siku moja, katikati ya mkia na jicho, akapepesuka, akaanguka, puu! Chali ukingoni mwa mto, furushi kifuani, vidole bado vinakwenda hewani: kwaru, kwi, kwaru, kwi.

Sauti ya puu ilifika kila shimo. Wanyama wakaja mbio. Walipoona ni nani, wakashika vichwa.

"Yallah! Nani kampiga?"

"Simba?"

"Simba gani anayeacha nyama?"

"Amepigwa na radi!"

"Radi haikondeshi mtu!"

Bi Kobe alifika wa mwisho, kama kawaida yake, akatazama, akauliza swali ambalo wengine waliogopa. "Mbona ana furushi la sange, na kidole kimo ndani?"

Kanga akatazama kidole. Nungunungu akatazama kidole. Kidole kilikuwa ndani ya kifuko mpaka kwenye kiungo.

"Bwana Nyani," Bi Kobe akasema. "Kumbe huwa unafungua."

Nyani akafumbua macho. Hapo kulikuwa na ukweli mmoja wa kusema: kwamba amefungua, kwamba hamkuwa na kitu, kwamba ameangushwa na majani matatu matupu. Akayapima hayo. Akaona ni bora afe. Akanyanyua kichwa kidogo, akanong'ona.

"Hili moja tu. Na nilichokisoma humo, hakisemeki."

"Haaaa!" wanyama wakashangaa, wakarudi nyuma hatua nzima.

"Hakisemeki?" aliuliza Nungunungu.

"Hakisemeki."

"Hili moja tu," wakaambiana, "masikini, alifungua hili moja tu, kwa ajili yetu, na limemfanya hivi!" Kanga, mama wa mayai yaliyoondoka, ndiye aliyekwenda kumletea maji. Bi Kobe aliona hayo kwa macho yake, akarudisha kichwa ndani, na safari hii hakukitoa siku nzima.

Nyani alipona, akarudi kwenye gogo, wakamwongezea cheo. Akawa Mkaguzi Mkuu. Ila hakufungua tena. Sisimizi wakija na furushi, alitupa mkono mbali kana kwamba lina moto. Kwa nje huwezi kulijua lenye pua na lisilo na pua, na hakuwa tayari kulitafuta kwa ndani. Furushi lolote likipita, la Kanga au la Popo, Mkaguzi Mkuu alifumba macho, akatazama mbinguni, akasema kwa uzito, "Pita. Nimeshalikagua." Na mafurushi yakapita, mazima, mpaka leo.

Baadaye, Bi Sange aliporudi kwake, alivuka gogo mchana, taratibu, pacha nyuma yake. Mmoja wao alikuwa na kifuko kitupu cha jani anachochezea. Nyani alikiona kifuko kile, akatoa kilio kidogo, akajifunika uso kwa mikono miwili.

"Bibi," akauliza mtoto walipofika ng'ambo, "kwani mkubwa yule aliona nini ndani ya furushi?"

"Hakuona kitu, mume wangu. Hamkuwa na kitu."

Mtoto akasimama katikati ya njia. Akageuka kulitazama lile jitu kubwa lililojificha nyuma ya viganja vyake. Mguu ukampiga chini wenyewe, tu-tu-tu-tu, na Bi Sange hakumkataza.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni moja, na walimu wenu watalipenda. Ukianza kazi, usiiache njiani. Ifanye mpaka uione mwisho wake, kwa bidii, bila kuinua kichwa, bila kuulizauliza maswali. Mtazameni Bwana Nyani. Hakukata tamaa, na cheo akapata.

"Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Mtafuata?"

"Aka, hatufuati!"

"Basi hapa ndipo ninapoitua. Aliyeisikia kwa sikio lake aende nayo kwao. Aliyeisikia kwa sikio la jirani, amrudishie mwenyewe."